Dadu Nyuma ya Boksi

Watu walimwita Fundi Baridi, na si kwa sababu ya kazi yake ya majokofu peke yake. Alikuwa mzito wa kucheka na mzito wa kusema. Mteja akija na jokofu linalovuja, akaanza kumpa historia ya jokofu hilo tangu liliponunuliwa, Fundi humwacha aongee mpaka achoke, halafu humjibu kwa maneno mawili: "Gesi imeisha." Au, "Mota imekufa." Hakuwahi kumwambia mtu kwamba kitu kitatengenezeka wakati anajua hakitengenezeki. Mafundi wenzake walimcheka. Fundi gani, jamani, anamkata mteja tamaa mchana kweupe, wakati angeweza kumzungusha taratibu mpaka jokofu lenyewe likate roho? Lakini ndivyo alivyokuwa. Na kwa mtu wa namna hiyo, uongo mmoja tu unatosha kumharibia maisha.

Karakana yake ilikuwa chumba kirefu kilichojaa majokofu yasiyo na milango na milango isiyo na majokofu. Mabomba ya shaba yalining'inia ukutani yakiwa yamekunjwa vizuri, kila unene na msumari wake. Mke alikuwa naye zamani, akaondoka. Alisema amechoka kuishi na mtu anayeongea na kompresa kuliko anavyoongea na yeye. Fundi hakubisha. Mwishoni kabisa mwa chumba, alikuwa amelaza friza bovu la bucha na kupigilia ubao juu yake. Hiyo ndiyo iliyokuwa meza. Jumapili mchana watu wazima wanne, wenye akili zao timamu, waliizunguka meza hiyo wakawa mashujaa wa farasi.

Usicheke kwanza. Mchezo wenyewe aliupata kwa mteja mmoja aliyekuwa akihama, akamwachia boksi lenye kitabu kinene na dadu za ajabu, nyingine zina pande nne, nyingine ishirini. Kila mchezaji anakuwa shujaa mmoja wa zile hadithi za kale za Ulaya: ngome na malkia, deraya na mikuki, viapo visivyovunjwa na majoka ya mapangoni. Mmoja wao ni Msimulizi. Yeye anaeleza kilicho mbele yenu, nyinyi mnasema mtafanya nini, na dadu inaamua kama mmeweza. Basi. Hakuna mshindi. Mama jirani alichungulia siku moja, akasikia mwanamume mwenye mvi akisema, "Nashuka kwenye farasi, napiga goti mbele ya malkia," akaondoka amejiziba mdomo. Mtaa mzima ulijua kabla jua halijazama.

Msimulizi alikuwa Fundi. Huyu huyu wa maneno mawili! Akishakaa nyuma ya meza ile, ulimi unafunguka. Ungemsikia anavyoeleza ukungu msituni, mlio wa lango la chuma, shujaa wa deraya nyeusi asiyesema jina lake, ungedhani alizaliwa ngomeni. Dada yake msusi alikuwa na shujaa mwenye maringo, kila ngome anataka mashindano ya mikuki na taji apewe yeye. Dereva wa basi la shule alikuwa na shujaa mwoga kupindukia, kila hatari ikitokea, yeye anasema, "Mimi nalinda farasi." Na wa nne alikuwa Karani.

Karani alifanya kazi mahakamani. Alikaa miaka mingi mbele ya meza ya hakimu, akiandika wanayosema watu walioinua mkono na kula kiapo. Alikuwa mwembamba, nadhifu, mtani. Shujaa wake aliitwa Kiatu Kimoja, kwa sababu katika safari yake ya kwanza alivuka mto kwa mbwembwe na kiatu cha pili kikaenda na maji, na Karani akakataa katakata kumnunulia kingine. "Ameapa kufika kwa mfalme hivyo hivyo," alisema. "Kiapo ni kiapo, hata kikiwa cha kijinga."

Sasa sikiliza jambo moja, maana ndilo lenyewe. Msimulizi huweka mbele yake kipande cha boksi kilichosimamishwa, kikimfichia ramani zake. Dadu zake nyingi anazitupa nyuma ya hilo boksi, wachezaji wasione: kama mlinzi amesinzia, kama daraja limeoza. Hapo anaweza kutia chumvi kidogo, na hakuna anayeuliza. Lakini kwenye meza ya Fundi kulikuwa na sheria ambayo haikutoka kitabuni, waliiweka wenyewe. Shujaa akiwa karibu kufa, boksi linaondolewa. Msimulizi anaitupa dadu ya pande ishirini katikati ya ubao, mbele ya macho ya wote. Ikizidi kumi, anaishi. Isipozidi, anazikwa. Shujaa wa kwanza wa Dereva alikufa namna hiyo, kwa mbili, na Dereva, mtu wa ndevu zake, akatokwa na machozi pale pale juu ya friza. Wakamcheka, wakampa pole, akaunda mwingine mwoga zaidi.

Halafu Karani akaanza kuumwa.

Mwanzoni ilikuwa tumbo, kisha ikawa vipimo, kisha ikawa hospitali kubwa, na suruali zake zikaanza kumzidi. Siku moja ya kazi alifika karakanani, akaketi juu ya kompresa, akamtazama Fundi akichomelea bomba.

"Fundi, unajua nyumbani sasa wananiongeleshaje? Kama mtoto. Mke wangu anacheka muda wote. Daktari anatazama karatasi zake, ananiambia tunaendelea vizuri. Shemeji zangu wanakuja na matunda, wananiambia nimenawiri. Nimenawiri! Mimi!"

"Wanakupenda," Fundi akasema.

"Wananipenda, sikatai. Lakini mimi nimesikiliza watu wakidanganya maisha yangu yote, kaka. Uongo nausikia kabla mtu hajamaliza kuvuta pumzi. Nakwambia, inachosha kuliko ugonjwa. Nimebaki na sehemu moja tu ambayo hakuna mtu anayenidanganya, nayo ni hapa. Friza bovu na dadu." Akacheka mpaka akakohoa. "Usije ukaninyang'anya hiyo."

Fundi akazima moto wa gesi. "Siwezi," akasema. Na alisema kweli, kwa wakati ule.

Jumapili iliyofuata, kabla wengine hawajafika, mke wa Karani alikuja mwenyewe. Alisimama mlangoni na mkoba wake kifuani, hakutaka kukaa.

"Shemeji, wamesema hakuna dawa tena," akasema. "Tumempeleka nyumbani tu. Yeye hajui."

Fundi akasema anadhani anajua.

"Hajui! Na wewe usimwambie. Nakuomba. Hiki kimchezo chenu ndicho kitu pekee kinachomtoa kitandani. Mfurahishe tu, shemeji. Leo asirudi nyumbani na huzuni. Utanisaidia kwa hilo?" Machozi yakaanza kumtoka, na Fundi, ambaye hakujua la kufanya na machozi ya mtu yeyote, akakubali kwa kichwa.

Karani akaja, Dereva akiwa amemshika mkono. Akaletewa mto wa kuketia. Siku hiyo alikuwa na raha, alitania kila mtu, alimuuliza Dereva kama shujaa wake ameshaandika wosia wa farasi. Mchezo ulikuwa umefika darajani, na darajani alisimama yule shujaa wa deraya nyeusi asiyesema jina lake, akiwazuia wasifike kwa mfalme. Msusi akasema warudi nyuma wote, watafute njia nyingine. Dereva tayari alikuwa analinda farasi. Karani akakataa.

"Kiatu Kimoja anapita hapa hapa," akasema. "Peke yake."

Wakapigana. Nakuambia walipigana! Karani akizungusha dadu viganjani, akiipulizia, akiitupa kwa kelele kama kijana. Alimtoboa ngao yule mweusi, akampeleka ukingoni mwa daraja. Kisha dadu zikamgeuka, moja baada ya nyingine, mpaka Kiatu Kimoja akawa amelala kwenye mbao, upanga umekatika, damu inaingia kwenye kiatu.

"Haya," Karani akasema, akikaa wima. Macho yake yalikuwa yanawaka. "Dadu ya kifo. Toa boksi."

Fundi akaitazama dadu mkononi mwake. Akilini alimwona mke wa Karani amesimama mlangoni na mkoba. Aliwaza: si leo. Jamani, mwacheni mtu avuke daraja moja. Na mkono wake, ambao haukuwahi kutetemeka juu ya moto wa gesi, ukaitupa dadu pale pale ulipokuwa. Nyuma ya boksi.

Ikagonga ubao, ikabingirika, ikasimama. Tatu.

"Kumi na saba," Fundi akasema. "Anaishi."

Msusi akapiga makofi. Alipiga makofi mawili, kisha akaiacha mikono hewani, maana hakuna aliyemfuata. Dereva alikuwa akiutazama ubao. Mimi ulinizika wazi, ndivyo uso wake ulivyosema.

Karani alimtazama Fundi. Hakuwa amekasirika. Afadhali angekasirika.

"Toa boksi, Fundi."

"Nimeshasema, kumi na saba."

"Basi litoe. Kama ni kumi na saba, hasara yako nini?"

Ilikuwa kazi ya kuinua kipande cha karatasi ngumu, mtoto angeweza. Fundi aliweka viganja vyake viwili juu ya ubao na havikuinuka. Alifungua mdomo aseme lolote, na kilichotoka ndicho kibaya kuliko vyote. Alisema, "Karani, wewe pumzika kwanza."

Kwa sauti ile. Ile ya matunda na kunawiri.

"Ahaa," Karani akasema polepole. "Kumbe nimekwisha kabisa." Akajisukuma kutoka kwenye mto. "Hata wewe wamekufikia." Dereva akainuka kumsaidia, naye akauchukua mkono wake, na mlangoni akaaga vizuri tu, kwa adabu, kama mtu anayetoka ofisini. Fundi alibaki amekaa. Dada yake ndiye aliyenyoosha mkono akalilaza boksi, akaiona tatu, akamtazama kaka yake.

"Si ungemwacha afe," akasema msusi. "Alikuwa anakufa vizuri."

Jumapili iliyofuata Karani hakuja. Mke wake alipiga simu kuomba radhi, akasema mgonjwa amechoka kidogo, na tena, asante sana shemeji, alirudi ametulia siku ile, hajasema neno lolote baya. Asante! Fundi aliitikia shukrani hiyo akiwa amesimama katikati ya majokofu ya watu, akatamani ardhi ipasuke.

Akaenda kumwona. Mara ya kwanza akaambiwa amelala. Mara ya pili, amelala. Mara ya tatu akaingizwa ndani. Karani alikuwa kitandani, shuka safi, nywele zimechanwa, kwenye kiti kuna bakuli la machungwa. Shavu halikuwepo tena, kulikuwa na mfupa. Lakini alipomwona Fundi alitabasamu tabasamu pana sana.

"Karibu, Fundi, karibu! Kazi zinaendaje?"

"Zinaenda. Wewe je?"

"Mimi? Nina nafuu kubwa. Naona nguvu zinarudi, daktari mwenyewe anashangaa. Bado kidogo tu utaniona barabarani."

Fundi alimtazama vizuri usoni, akitafuta utani, hata chembe. Hakukuwa na utani. Karani alimtazama kwa upole ule ule, macho makavu, akisema uongo wake bila kukosea neno, kama anavyowapa wageni wote wa matunda. Fundi akaelewa amewekwa upande gani. Akasogeza kiti.

"Karani," akasema, "ilikuwa tatu."

Ilimchukua nguvu zote alizokuwa nazo kusema hivyo. Alingoja atukanwe. Alitaka sana atukanwe.

"Tatu nini?" Karani akauliza, ametulia.

"Dadu. Siku ile. Ilikuwa tatu, nilikudanganya. Nisamehe, ndugu yangu. Kiatu Kimoja alikufa darajani."

"Aa, ule mchezo!" Karani akapunga mkono. "Usijisumbue na mambo ya mchezo, bwana. Tutacheza tu nikisimama. Chukua chungwa."

"Karani, tafadhali."

"Chukua chungwa, Fundi. Yametoka sokoni leo."

Mke wake akaingia na maji, akiwa ameshaanza kucheka tangu kwenye korido, akauliza si amenawiri mgonjwa wetu? Wote wawili wakamgeukia Fundi, mke na mume, wakingoja. Fundi akaona hakuna mlango mwingine umebaki wazi katika nyumba ile.

"Amenawiri," akasema. "Atapona."

"Si nilikwambia?" Karani akamwambia mke wake, akafumba macho.

Fundi akaliweka chungwa mfukoni, akaaga. Siku Karani alipofariki, Fundi alikuwa buchani, amelala chini ya mashine akifunga feni, na simu aliyopokea ilikuwa ya Dereva. Dereva alimpigia kumuuliza watakutana wapi kwenda msibani. Alidhani, kwa vile walivyokuwa marafiki, Fundi alikuwa ameambiwa kwanza.