Kijiji Kabla ya Moto

Harufu ya petroli iliyochanganyika na sabuni na samaki mkavu: hiyo ndiyo ilikuwa harufu ya duka la Papa Kasereka, mfanyabiashara kutoka Butembo aliyetuletea televisheni ya kwanza pale Kibabi, kwetu Masisi. Nyuma ya magunia ya chumvi aliweka jenereta na mashine ya michezo, nasi watoto tulilipia zamu zetu kwa ndoo za maji. Mchezo ulikuwa mmoja tu: unakuwa kijana mwenye upanga, unazunguka nchi nzima, unazungumza na watu, unapambana na majitu, unaongezeka nguvu. Mimi sikupelekwa shule hata siku moja. Baba alisema jembe halisomi. Lakini mchezo ule haukunidai kusoma, kwa kuwa nyota ndogo iliruka mbele ya kijana ikimwonyesha njia, nami niliifuata. Safari ilianzia juu ya majivu ya kijiji chake. Kavira, binti wa kaka yake Papa Kasereka, aliyekuwa darasa la tano, alinieleza kwamba huo ulikuwa mchezo wa pili. Ulikuwepo wa kwanza, wa zamani, na ndani yake kijiji kile kilikuwa bado kizima. Nilisikia, nikapuuza. Kijiji kizima nilikuwa nacho.

Msimu wa kuvuna maharage, vita vilipanda mlima wetu. Watu hupenda kusema kwamba tembo wakipigana, nyasi ndizo huumia. Waache kunichosha. Tembo hawabebi viberiti. Nyumba yetu ilichomwa na watu wenye vidole kama vyangu, na mmoja wao alikuwa amekula ugali kwenye sahani ya mama. Tulitembea kwa miguu hadi Walikale, tukaingia msitu ambao majani yake hayakauki, na familia ya wawindaji ikatupa nusu ya jiko lake na sombe, mboga ya majani ya muhogo, kila siku bila kutuuliza tutaondoka lini. Huko Papa Kasereka alikuwa na depo nyingine, na Kavira alikuwa ameshafika kwa lori. Niliposikia kwamba mashine ya hapo ilikuwa na ule mchezo wa kwanza, nilikimbia na ndoo kichwani. Sikutaka upanga wala majitu. Nilitaka kuingia kijiji kabla hakijaungua.

Mchezo wa zamani haukuwa na nyota. Watu wake walikuwa vipande vya rangi visivyo na sura, na kila walichojua walikitoa kwa maandishi ya Kifaransa chini ya kioo. Ukifa, unarudi mwanzo kabisa. Husemwa kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Mimi nilikuwa na macho mawili mazima, na bado ilinibidi niambiwe.

"Kavira, ule mumama anasema nini?"

"Anasema uvuke daraja."

"Kijiji iko kule?"

"Iko kule, njo nakuambia! Ao unataka kusoma weye mwenyewe?"

Nikavuka, jitu likanimeza, zamu ikaisha, na Kavira akashika mashine huku akicheka. Siku iliyofuata, ndoo nyingine, daraja lilelile, jitu lilelile. Ikawa hivyo hadi mdogo wake, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kuunganisha herufi, aliposoma kwa sauti. "Dada, si wameandika asivuke daraja? Kijiji iko nyuma ya mulima." Kavira akacheka mpaka akashikilia gunia. "Mukimbizi kama weye, kijiji utaifanyia nini?" Nilimmwagia kichwani ndoo nzima ya maji, na mpaka leo sijutii. Ila nilikwisha kuijua njia, na zamu yangu ilikuwa kesho yake. Asubuhi hiyo watu wenye bunduki walipakia jenereta, televisheni, mashine, hata chumvi, wakaenda zao. Kijiji sikukiona.

Juzi nilimkuta mjukuu wangu Furaha, huyu anayeniandikia maneno haya, akicheza kwenye simu mchezo mpya wa ukoo uleule, wenye taa kila njia panda. Nikamwagiza atafute ule wa kwanza. Akaupata, akaujaribu, akaanza kunung'unika, akiniita Tate kama wajukuu wote wa kwetu. "Tate, hii iko nzito! Haionyeshe hata njia."

"Nyamaza, usome. Usivuke daraja. Zunguka mlima."

Akazunguka. Nyumba sita zenye paa jekundu, kisima, kuku anayekwenda na kurudi, na mama mmoja mlangoni.

"Anasema nini?"

"Anasema leo iko siku muzuri ya kuanika nguo."

"Hilo tu?"

"Njo hilo tu, Tate."

Nilimwamuru alisome tena, kwa kuwa mimi siamini msomaji kirahisi. Kisha hasira ikanipanda upya. Watu nisiowajua, wa nchi nisiyoijua, wametunza kijiji cha uongo miaka yote hii, pamoja na kuku wake, ndani ya kitu kinachoenea kiganjani. Cha kwetu kilikuwa cha kweli, na walioapa kukilinda hawakuweza kukitunza hata mpaka maharage yakauke. Furaha ananiuliza kama azime simu. Nimemkataza. Yule mama bado hajaanua nguo zake.