Verlinda na saa moja iliyopotea kati ya Tuba City na Ujerumani

Mlango wa mbele wa kliniki ya figo ya Tuba City, mji wa Wanavajo, wenyeji wa asili wa Arizona, Marekani, bado umefungwa. Verlinda Bitsuie ameingia kwa mlango wa nyuma, amewasha taa ya meza yake, na sasa, saa moja na dakika ishirini asubuhi ya Jumanne, anaitazama picha iliyoingia kwenye simu yake kutoka Ujerumani.

Ni picha ya saa ya ukutani. Chini ya saa kuna kalenda yenye madoa ya grisi. Mishale inasema ni saa nane na dakika ishirini mchana.

Verlinda anaitazama tena. Alitegemea kuona saa tisa na dakika ishirini.

"Nikajisemea, hii saa yao mbovu," anasimulia. "Halafu nikakumbuka kuwa hiyo ni karakana ya jeshi. Jeshini saa ikiwa mbovu kuna mtu atakiona. Hapo nikajua mbovu ni hesabu yangu."

Picha imetumwa na Marlon Kewanyama, fundi wa magari wa jeshi la Marekani aliye kambini Ujerumani, kijana wa miaka ishirini na saba. Leo, mbele ya jopo la madaktari wa Phoenix, anatakiwa aseme kwa kinywa chake, akionekana kwenye skrini, kwamba anatoa figo yake kwa hiari na hakuna aliyemshinikiza. Figo ni ya kumpa Eldora Talashoma, mwenye miaka sitini na moja, wa kijiji cha Wahopi cha Moenkopi, ng'ambo tu ya barabara kuu.

Jopo linakaa saa tatu kamili za Tuba City. Verlinda alimwandikia Marlon kuwa ni saa kumi na moja jioni za Ujerumani. Ukweli ni saa kumi.

Yaani yeye, ambaye watu humpigia simu wakiwa hawajui hata wao wako saa ngapi, amekosea saa nzima.

Kazi ya Verlinda, mwenye miaka arobaini na saba, ni kuwakutanisha watu ambao saa zao hazipatani. Mgonjwa yuko kijijini, daktari wake yuko Albuquerque, maabara iko Minnesota, mpasuaji yuko Phoenix, na ndugu anayetoa figo anaweza kuwa popote ambapo maisha yamemtupa. Yeye ndiye anayetafuta ile nusu saa ambayo wote watakuwa macho na hawana shughuli.

Na anaifanya kazi hiyo mahali ambapo hata jirani hakubaliani na jirani. Kila Machi Wanavajo wanasogeza saa mbele. Arizona kwingine hawasogezi. Wahopi, kabila jirani la wenyeji wa asili ambao ardhi yao imezungukwa na ya Wanavajo pande zote, nao hawasogezi. Kwa hiyo kuanzia Machi hadi Novemba mtu wa Tuba City akivuka barabara kwenda Moenkopi kunywa kahawa, anafika saa moja kabla ya kuondoka. Simu nazo zinafuata mnara ulio karibu. Ukikaa kitako upande mmoja wa sofa ni saa mbili, ukihamia upande wa pili ni saa tatu.

"Hapa hatuulizi saa ngapi," anasema Delbert Manygoats, dereva wa basi dogo la kliniki. "Tunauliza saa ya nani."

Kabla ya hapa Verlinda alipanga ruti za mabasi ya shule kwa miaka kumi na moja. Kliniki inamlipa dola kumi na tisa na senti sitini kwa saa, na kila Jumamosi yeye na mumewe wanakwenda maili tisa kuteka maji ya nyumbani kwao Tonalea. Anasema mshahara haumkeri kama watu wanaodhani kazi yake ni kujumlisha na kutoa.

Mwaka wake wa kwanza, mzee mmoja wa Moenkopi alichelewa kikao kwa saa moja kwa sababu simu yake ililala kwenye mnara wa huku na ikaamka kwenye mnara wa kule. Faili lake likasogezwa hadi kikao kilichofuata. Mzee hakukifikia.

"Nililia kama mtoto," anasema Verlinda. "Tangu siku hiyo simwamini mtu anayeniambia saa. Nataka niione."

Ndiyo maana kila asubuhi ya mkutano anawatumia wote ujumbe mmoja: nipigie picha ya saa iliyo mbele yako. Madaktari wengine wanamcheka. Wapo wanaomtumia picha ya mkono wenye saa na kikombe cha chai, wengine picha ya saa ya jiko. Yeye anazilinganisha moja moja na karatasi yake.

Leo picha ya Marlon ndiyo iliyomuumbua.

Kosa lenyewe ni la mtu anayeijua kazi. Kati ya Tuba City na Ujerumani kuna saa nane, majira ya joto na ya baridi, kwa sababu wote wanasogeza saa. Verlinda anaijua nane hiyo kama anavyojua umri wa mwanawe. Ila Wanavajo wanasogeza mapema Machi, na Wajerumani wanangoja hadi Machi iishe. Katikati hapo kuna wiki chache ambazo nane inakuwa saba. Mfumo wa kliniki ungemgutusha, lakini mtandao wa jeshi haupokei mialiko ya kliniki. Saa ya Marlon aliiandika mwenyewe, kwa vidole vyake, Ijumaa, akiwa na haraka ya kwenda nyumbani.

Anampigia. Simu inaita mpaka inakata. Anapiga tena. Marlon alikwishamweleza kwamba mafundi wanaacha simu kwenye sanduku mlangoni mwa karakana na kuzichukua wakitoka. Picha aliipiga akirudi kazini baada ya chakula. Ameombewa ruhusa ya kutoka saa kumi na dakika arobaini na tano. Wakati huo jopo litakuwa limeshamaliza kikao.

Na kikao kinachofuata ni baada ya wiki sita. Eldora hana wiki sita za kuchezea. Mshipa wa mkono wanaoutumia kumsafishia damu ni wa tatu, nao umeanza kuziba, na madaktari wameshasema hawaoni pa kutengeneza wa nne. Juu ya hapo, baada ya siku kumi Marlon anaingia kwenye mazoezi ya miezi mitatu ambako hakuna ruhusa ya kutoka.

Verlinda anapiga ofisi ya zamu ya kambi. Anapokea koplo mmoja, sauti ya kijana, mpole lakini kama ukuta.

"Karakana iko kwenye ukaguzi, mama. Nitampa ujumbe akitoka."

"Akitoka itakuwa tumechelewa. Nakuomba umwite sasa."

"Siwezi kumtoa mtu kwenye ukaguzi kwa simu ya ofisi. Labda iwe dharura ya familia, na apige mzazi au mke. Wewe ni nani yake?"

"Mimi ni mpangaji wa mikutano."

"Pole, mama," anasema koplo.

Verlinda anakata simu. Phoenix hakuna wa kumpigia, katibu wa jopo anaingia ofisini saa mbili na nusu za Tuba City. Mama mzazi wa Marlon, Berdina, anaendesha basi la shule huko Winslow na simu yake huzimwa akiwa barabarani. Eldora naye hapokei. Usiku huizima simu, anasema imemchosha kwa kumdanganya saa.

Saa mbili na dakika kumi Delbert anaingia akipiga mluzi, anamwona Verlinda, mluzi unakatika.

"Dada, vipi? Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa. Nenda kamlete Mama Eldora sasa hivi."

"Si tulisema saa mbili na nusu?"

"Delbert, nimesema nenda."

Delbert anasema hajawahi kusikia sauti ile kwa Verlinda. Anavuka barabara kuu na kumkuta Eldora amevaa gauni la kulalia, anakoroga uji wa mahindi ya bluu.

"Umekuja kunitazama nikilala?" Eldora anamuuliza.

"Mama, kwetu umeshachelewa."

"Kwenu. Ninyi Wanavajo mmetunyang'anya ardhi, sasa mmeona mtunyang'anye na usingizi."

Lakini anapoona Delbert hacheki, anazima jiko. Inafika saa mbili na dakika thelathini na tano anapoingia ofisini kwa Verlinda, viatu havijafungwa kamba.

Kwa wakati huo Verlinda ameshampata katibu wa jopo, Paulette Crandall. Kamwambia ukweli wote: kosa ni langu, si la mgonjwa, si la kijana. Paulette ni mtu wa taratibu. Amesema jopo haliwezi kusogezwa kwa sababu mpasuaji anaingia chumba cha upasuaji. Anachoweza ni kuliweka faili la Eldora la mwisho kati ya matatu. Mpasuaji atanyanyuka saa tatu na dakika arobaini za Tuba City, awe amemwona Marlon au hajamwona.

Hiyo ni saa kumi na dakika arobaini kule. Marlon anatoka dakika tano baadaye.

"Nilimtazama yule mama usoni nikamwambia nimekukosea," anasema Verlinda. "Nilitaka anitukane. Ingenisaidia."

Eldora hakumtukana. Aliuliza kitu kimoja tu. "Huyo askari anataka nini?"

"Anataka mzazi ndiye apige simu. Kwenye fomu yao wewe umeandikwa dada wa mama."

"Nani kaandika upuuzi huo? Nipe simu."

Laini ya kambi inatumika. Wanapiga tena, bado inatumika. Verlinda anahesabu mara tisa. Saa tatu kasoro dakika nne inaita, na koplo yule yule anapokea.

"Naomba umwite Marlon Kewanyama," anasema Eldora. "Ni dharura. Mimi ni mama yake."

"Mama, hapa kwenye karatasi jina la mama ni Berdina."

"Huyo ni mdogo wangu. Ni mama yake pia. Huyo anaendesha basi la watoto, na mimi niko hapa naongea na wewe."

"Nahitaji mama mzazi."

"Mwanangu, kwetu Hopi mtoto wa dada yako hana jina jingine. Ni mtoto wako. Nimemwogesha, nimemchapa, nimempeleka shule. Leo anataka kunipa figo yake, madaktari wanamngoja, na sisi tumemwambia saa isiyo yenyewe. Asipokuja sasa hivi mimi nakufa. Kama hiyo si dharura, basi niambie wewe ya kwenu inakuwaje."

Upande wa pili kunasikika kiti kikiburutwa.

"Karakana iko upande wa pili wa kambi," anasema koplo hatimaye. "Lazima kwanza nimpate wa kunishikia zamu."

"Mtafute," anasema Eldora. "Mimi nipo."

Saa tatu kamili jopo linafungua kikao. Verlinda na Eldora wanakaa mbele ya skrini, sauti yao imezimwa. Faili la kwanza linachukua dakika kumi na mbili, la pili kumi na tano. Kwa kawaida Verlinda hufurahi madaktari wakienda haraka. Leo anatamani mmoja wao apatwe na kikohozi.

Saa tatu na dakika ishirini na saba anasomwa Eldora Talashoma. Mpasuaji anauliza mchangiaji yuko wapi. Paulette anajibu kuwa anaunganishwa. Wanapitia vipimo. Wanapitia moyo, sukari, mishipa. Saa tatu na nusu. Saa tatu na dakika thelathini na tatu. Mpasuaji anaangalia saa ya mkononi, anakusanya karatasi.

"Tumsogeze kikao kijacho," anasema. "Sioni namna."

Eldora anamshika Verlinda kiwiko. Verlinda anafungua sauti, jambo ambalo mpangaji haruhusiwi kulifanya, na anasema, "Daktari, nakuomba dakika tatu. Kosa la saa ni langu. Msimhukumu mgonjwa."

Mpasuaji hajanyanyuka, lakini pia hajakaa vizuri.

Saa tatu na dakika thelathini na sita kisanduku kipya kinafunguka kwenye skrini. Ni Marlon, yuko nje, anahema, ovaroli imelowa mafuta mpaka kifuani. Nyuma yake koplo amejishika magoti akitafuta pumzi.

"Samahani," anasema Marlon. "Niko hapa."

Mpasuaji anamuuliza kama kuna mtu aliyemlazimisha.

"Hapana. Nimekuja mbio mwenyewe," anasema Marlon.

Anamuuliza tena, vizuri, kama taratibu zinavyotaka, kama anajua anaweza kukataa hata leo na hakuna atakayeambiwa sababu.

"Najua. Sikatai. Huyo ni mama yangu."

Inachukua dakika mbili kasoro. Mikono inanyooshwa, watano kati ya watano. Upasuaji umepangwa tarehe ishirini na nane Aprili, na barua ya kumwondoa Marlon kwenye mazoezi itaandikwa na jopo lenyewe.

Skrini ilipozimwa Verlinda aliinamisha kichwa mezani akalia mbele ya watu. Delbert alienda kusimama dirishani akatazama maegesho. Eldora alifunga kamba za viatu vyake.

"Saa moja ndiyo unayoililia?" alimwambia. "Mimi nimekaa kwenye ile mashine ya kusafisha damu saa elfu mbili na mia tano. Nyamaza, unipe kahawa yangu nusu kikombe, sijavuka kipimo changu cha maji cha leo."

Siku hiyo hiyo Verlinda aliandika taarifa ya kosa lake na kuipeleka kwa mkuu wa kliniki bila kuitwa. Ameomba mtu wa pili awe anasoma kila saa inayovuka bahari. Jibu bado. Wakati anangoja, Delbert ndiye anayemsomea, kabla ya kuondoka na basi, na analalamika kila siku.

Kuhusu tarehe ishirini na nane, siku ya upasuaji, Verlinda ameomba likizo bila malipo. Eldora atakuwa kitanda kimoja, Marlon cha jirani, Berdina kwenye kiti cha katikati. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi hii, watu wa mkutano wake wote watakuwa chumba kimoja.

"Nitakwenda nikakae nao tu," anasema. "Wakiniuliza ni saa ngapi, nitawaambia watazame ukutani."