Chungu cha Matobo na Mikeke ya Mama Mkwe

Nilipopita mlango wa lupango, kiwanja cha nyumba yetu, nilisikia kwanza harufu, na ilikuwa harufu nzuri, hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Mikeke mitatu minene, wale samaki wa ziwani, imepasuliwa mgongo, imepakwa chumvi na pilipili, mafuta yanadondoka na kulia juu ya makaa. Nikameza mate. Halafu nikatazama mafuta yanadondokea wapi.

Yalikuwa yanadondokea ndani ya chungu cha ua langu. Moto ulikaa mahali pa mizizi, kama ndani ya mbabula ya kupikia kwa makaa. Moshi ulitokea kwenye matobo niliyoyaagiza mwenyewe, na pembeni, kwenye kigoda changu, mama mkwe wangu alikuwa anapepea kwa mfuniko wa sufuria.

"Mwambie bwana yako karibu," alimwambia mke wangu, uso ameuelekeza kwenye samaki. "Nimetumia mbabula yake. Inawaka kuliko hii yenu."

Kwetu mwanaume hapandishi sauti mbele ya mama wa mke wake. Hamtazami usoni, hali naye sahani moja, na kama kuna neno kati yao linapitia kwa mke, hata kama wote watatu wamekaa mahali pamoja na hakuna kiziwi. Kwa hiyo nilisimama pale, kofia mkononi, ua langu sijui liko wapi, na nikatamka maneno ambayo sijajisamehe:

"Mwambie mama asante."

Nirudi nyuma kidogo, usije ukadhani ninalilia chungu.

Mimi ni mtu wa juu milimani, wa Bijombo. Shule niliiacha mapema kwa sababu ng'ombe hawangoji kengele. Nilikuwa nao ng'ombe. Wangapi, sisemi, mchungaji hahesabu mifugo yake kwa sauti. Siku wenye bunduki walipofika, nilivunja tawi kwenye mti wa pembeni mwa zizi, nikamswaga ndama mmoja aliyebaki, tukateremka. Ndama walininyang'anya njiani, hata ziwa hatujaliona. Tawi waliniachia. Nani ataiba tawi? Nikafika Uvira na fimbo ya kuchungia bila kitu cha kuchunga. Ng'ombe wangu waliookoka ni wale tu niliowatoa mahari, wanaokula majani kule Mutarule kwa mama mkwe, wanene, na sina haki hata ya kuwauliza habari.

Fimbo niliiegemeza ukutani. Mvua ziliponyesha ikaonekana ina majani. Siyo fimbo yenyewe: kuna kitu kijani kilikuwa kimeng'ang'ania ganda lake tangu nyumbani, kimeshuka nami milima yote bila maji wala udongo, na mimi sikukiona, nilikuwa natazama nyuma. Kikatoa ua jeupe lenye mkia mrefu. Mchana halinuki kitu. Jua likizama linanukia mpaka jirani anauliza nani kajipaka manukato ya harusi. Masera mmoja, mtawa wa parokia, alikuja kulitazama, akasema hii ni orkide. Mke wangu akasema ni majani.

Kwenye avenyu yetu majirani walifurahi sana.

"Mzee alikuwa na ng'ombe, sasa anachunga ua. Usiku unalifunga kamba?"

"Halipigi teke," nikawajibu. "Na maziwa yake hamtakuja kuomba."

Lakini tawi likaanza kuoza, na ua likataka nyumba nyingine. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba kumpata mke ni rahisi kuliko kupata chungu cha orkide.

Kwanza niliiba sufuria kuukuu ya mke wangu. Chini yake imefungwa, maji yakalala humo kama mgeni asiyejua kuaga, na mizizi miwili ikawa myeusi. Sufuria ikagunduliwa, tukaitana majina mabaya. Nikakata kibidoni cha njano, dumu dogo la plastiki, nikakitoboa kwa msumari wa moto. Hicho kilipitisha maji vizuri, lakini jua la Uvira unalijua: saa sita plastiki ilikuwa kama kikombe cha chai. Masera akanicheka. "Baba, hili ni ua la hewa. Ukilifunika udongo umelizika. Tafuta chungu cha udongo wa kuchomwa, kile kinachotoa jasho na kubaki baridi. Kiwe kidogo, mizizi inapenda kushika ukuta. Na matobo chini na pembeni, mengi."

Nikapanda gari mpaka soko la Sange, kwa mama mmoja mfinyanzi. Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono magotini.

"Matobo pembeni? Maji yatakaa wapi?"

"Sitaki yakae."

"Baba, minye nafinyanga tangu usichana. Chungu kikiwa na tobo moja watu wananirudishia na matusi juu. Na weye unataka nikutobolee kabisa?"

"Ni cha ua, mama."

Akamgeukia mwenzake muuza mihogo. "Sikia, huyu baba iko na ua la kuvuja." Safu nzima ya wamama ikaangua kicheko. Alipomaliza kupangusa macho akaniambia, "Nitakufanyia. Lakini usiseme kama ni minye, watadhani macho yamekwisha. Na siku ukichomea mahindi humo, uniletee moja."

Nilicheka na mimi. Ningenyamaza nikafikiri, leo nisingekuwa naandika.

Chungu kilikuwa kizuri sana. Kidogo, cha rangi ya ng'ombe mwekundu, matobo ameyapanga kuzunguka kama shanga. Ndani yake, kwa ushauri wa masera, niliweka vipande vya makaa, maana makaa hayaozi na yanashika unyevu kidogo tu. Juu ya makaa nikaweka maganda makavu ya lile tawi la Bijombo, ili ua lisijione mgeni. Juu ya maganda, ua lenyewe, ambalo lisipochanua ni majani tu, mke wangu hakukosea.

Sasa hesabu na wewe: chungu cha matobo, makaa ndani, maganda makavu juu ya makaa. Mama mkwe alikuja kutusalimu, akapitia ziwani kununua mikeke, akakuta mbabula ya nyumba ina maharage. Mke wangu alikuwa amekwenda bombani. Mama akatazama huku na huku, akaona mbabula nyingine kivulini, imekwisha kupangwa, inangoja kiberiti.

Nikiwa bado nimesimama na asante yangu, nikajaribu tena.

"Muulize mama, juu ya yale makaa hakukuwa na kitu?"

Alinisikia kama wewe unavyonisikia, lakini alingoja mke wangu arudie.

"Mwambie kulikuwa na majani. Nilidhani ni ya kuwashia. Nikaona ni mabichi, nikayahurumia."

"Muulize, alipoyahurumia aliyaweka wapi?"

"Mwambie nimemtendea vizuri. Nimeyapanda kwenye mukebe wa mafuta, udongo mweusi, mbolea ya mbuzi, nikashindilia kwa kidole gumba. Na maji nimeyapa mengi, yalikuwa na kiu, masikini."

"Mwambie mama asante," nikasema mara ya pili.

"Mwambie si kitu."

Akawatoa samaki, akamwagia maji kwenye makaa ili yasipotee bure. Chungu kikalia ta, kikapasuka kuanzia mdomo mpaka chini. Akakitazama kwa huruma.

"Mwambie bwana yako mbabula yake haikuwa na nguvu. Alinunua kwa nani?"

Hilo mke wangu hakulirudia. Alikuwa ameficha uso ndani ya kitenge, na mabega yake yalikuwa yanacheka.

Nilikula nyuma ya nyumba, peke yangu, kama desturi inavyotaka. Mkeke ulikuwa mtamu. Na ndani ya utamu ule niliusikia moshi wa mti wa zizini kwetu, waziwazi, kama ninavyousikia usingizini. Ganda la mwisho la Bijombo lilikwenda kuchoma samaki. Nililamba vidole, na nikiwa nalamba nilikuwa nakasirika.

Ua nililichimbua saa ileile. Mizizi mingi imelainika. Nimelifunga kwa uzi kwenye kipande cha fimbo kilichosalia, linaning'inia chini ya paa, na mzizi mmoja una ncha ya kijani. Masera anasema lisipopata chungu kabla ya kiangazi, halifiki mvua zijazo.

Sasa nawataja walionikosea. Wa kwanza ni wenye bunduki. Hao sijui wanalala wapi, wala hakuna ofisi iliyowahi kuniuliza, nimeacha kungoja jibu lao. Wa pili ni mfinyanzi wa Sange, aliyejua na akacheka. Wa tatu ni mama wa mke wangu, na huyu namjua nyumba, najua mlango, najua hata ng'ombe waliolala nje ya mlango huo, maana ni wangu.

Kwa mdomo siwezi. Lakini karatasi haina mkwe. Mke wangu ataibeba mpaka Mutarule na kuisoma kwa sauti, mahali hapa asiruke wala asicheke: Mama, kwa heshima yote, mtu anayeona kiti cha mgeni na mgeni amekikalia, anamnyanyua vipi bila kumuuliza jina? Nataka jibu. Na nataka uende mwenyewe Sange, si mbali na kwako, ukamwagize yule mama chungu kingine, kidogo, matobo chini na pembeni, na akikuuliza mbele ya wamama wote ni cha nini, umwambie kwa mdomo wako: ni cha ua la mkwe wangu.