Senti Kumi ya Mdogo Wake Mama

Mashine ya kutafutia vyuma ardhini niliinunua kwa tamaa, sina haja ya kuficha. Huku kwetu milimani kila mtu anamjua mtu anayejua mahali Mjerumani alipofukia mali yake, na mimi nilijiona mwerevu kuliko wote. Miezi minne ya kuipitisha juu ya mashamba ya Mlola ilinipa misumari, vifuniko vya soda na jembe moja bovu. Majirani walinicheka mpaka wakachoka.

Mama ndiye aliyenipa kazi ya maana. Miguu yake imekwisha nguvu, na kuna jambo moja lililokuwa likimnyima raha: hakujua mdogo wake alizikwa wapi. Mtoto yule alikufa kwa surua kabla ya kutimiza miaka mitatu, akazikwa pembeni mwa shamba la babu. Mmea wa sale uliopandwa kuonyesha kaburi uling'olewa siku yalipochimbwa matuta ya ngazi, na waliopajua wamekufa wote.

"Alizikwa na senti kumi yake kiunoni," mama aliniambia.

Zamani mtoto alifungwa sarafu yenye tundu kiunoni kwa uzi mweusi, iwe kinga yake. Wanawake waliomwosha walitaka kuukata ule uzi, bibi akakataa katakata.

"Nataka nimsomee dua mahali pake, mwanangu. Nimechoka kuombea shamba zima."

Siku ya tatu ya kulipita shamba la babu, mashine ililia kwenye tuta la chini, kando ya maharage. Udongo wa juu ulikwishaondolewa na matuta, kwa hiyo sikuchimba sana. Kikatoka kidonge cha udongo chenye kutu ya kijani. Sikuona kitu kingine chochote.

Ningeweza kumpelekea mama kikiwa vile vile. Lakini kwetu mzee hapewi kitu kichafu, na mimi nilitaka kumwonyesha kwamba najua kazi. Nikakiloweka kwenye maji ya limao, nikakisugua kwa majivu na stili waya kama sufuria iliyoshika masizi, kisha nikalizibua tundu kwa sindano. Shaba ikang'aa. Kwa kioo cha kukuzia maandishi niliona pembe za ndovu zikilizunguka tundu, na jina la mfalme wa Uingereza. Mwaka nao ulisomeka: ulikuwa wa kabla ya mtoto yule kuzaliwa. Hilo lilinifurahisha, ingawa halikuthibitisha lolote. Enzi hizo kila mtu alikuwa na senti kumi, na mlimaji yeyote angeweza kuidondosha pale.

Mama hakujali mfalme wala mwaka. Aliishika muda mrefu, akipitisha ukucha ndani ya tundu.

"Uzi ulikuwepo?"

Hapo ndipo nilipokumbuka. Ile sindano ilikuwa imesukuma nje kitu cheusi, chembamba, kifupi. Nilidhani ni mzizi. Nilikipuliza kikaanguka sakafuni, na asubuhi sakafu ikafagiliwa. Baadaye nilikuja kusoma kwamba kutu ya shaba huweza kuutunza uzi ardhini miaka mingi, na kwamba wanaojua kazi hii hawasugui kitu kabla ya kukichunguza. Nilijichukia, na bado najichukia. Ushahidi pekee ambao mama angeutambua nilikuwa nimeupuliza kwa mdomo wangu.

Alikuwa akinitazama, akisubiri.

"Ulikuwepo, mama."

Akalia, akamshukuru Mungu kwa Kishambaa, kisha akaniomba nimpeleke.

Kesho yake tulimbeba kwenye kiti mpaka kwenye lile tuta. Niliirudisha sarafu ardhini kwa mkono wangu, tukapanda sale jipya juu yake. Mama alisoma Yasini yote bila kukosea, akamwita mdogo wake kwa jina ambalo sikuwahi kulisikia kinywani mwake. Kisha akaanza dua, akaniambia niitikie.

Niliitikia amina kila alipotua. Sikujua, na sitajua, kama chini yetu kulikuwa na mtu.