Nilimwandikia mwenzangu utaratibu wa kazi, nusra umtoe roho

Wakuu, salaam. Haya si ya kusimuliwa, yalinikuta mwenyewe, na sehemu kubwa ya kosa ni yangu. Kwa hiyo sina sababu ya kutia chumvi.

Mimi ni msimamizi wa mitambo kwenye hoteli moja ya ufuoni huku Kikambala. Jina sitaji, bado nala kwao.

Mwaka jana meneja aliniita akasema makao makuu wanataka kila kazi iwe na utaratibu wa maandishi. "Na iwe kitu cha maana, wakaguzi wanakuja."

Cha maana kwake ni unene. Nilimpelekea kurasa tatu za kazi ya bwawa la kuogelea, akanirudishia. "Hii ni barua ya mapenzi? Ongeza."

Nikaongeza, wakuu. Nikajaza "kwa mujibu wa" na "mhudumu atahakikisha kwamba" mpaka zikafika kurasa kumi na nne. Akaipenda hata hajaisoma. Ikatiwa kwenye faili ya bluu, ikawekwa chumba cha pampu.

Kazi yenyewe ni fupi. Kuna klorini ya kuua vijidudu, na kuna asidi ya kurekebisha maji. Sharti kubwa ni moja tu: hizi mbili hazikutani ndoo moja. Zikikutana zatoa gesi ya kuchoma mapafu.

Hilo sharti niliandika. Ukurasa wa kumi na moja.

Lakini ukurasa wa tatu, hatua ya nne, nilikuwa nimeandika hivi: "Mhudumu atatayarisha klorini na asidi katika ndoo safi kwa vipimo vilivyoainishwa."

Hebu isomeni tena. Ndoo ngapi hapo?

Basi mtu wetu wa bwawa akaenda likizo. Nikamtoa Karisa bustanini ashike nafasi. Karisa ni mtu wa Ganze, mtu mzima, mpole, kazi yake haina haraka wala ujanja. Akaniuliza, "Fundi, hutanionyesha?"

Nikamjibu, "Soma faili, kila kitu kimo." Nilikuwa nahangaika na jenereta.

Haikupita nusu saa nikasikia Sidi wa dobi apiga kelele. Alisikia mtu akikohoa chumba cha pampu, akafunika pua na leso, akamburura nje. Nilimkuta Karisa kalala kwenye nyasi, macho mekundu, pumzi haiingii.

"Karisa, umefanya nini?"

"Nimefuata... karatasi."

Alilazwa hospitali Kilifi siku tano, siku mbili za kwanza kwa oksijeni. Watoto wake wanne wako Ganze. Mimi nililala nikiwaona hao watoto, na hata siwajui sura.

Sasa lililonichemsha damu ni hili. Karisa hajatoka hata wodini, meneja ashaandika barua ya onyo. Kosa: kutofuata utaratibu.

Nikaingia ofisini na faili. "Bosi, soma hatua ya nne kwa sauti. Kisha niambie ndoo ngapi."

Akasoma. "Moja... lakini ukurasa wa kumi na moja umekataza."

"Mtu kashika dumu la asidi, huo ukurasa wa kumi na moja ataufunua kwa mkono gani?"

Nikamwambia faili niliandika mimi. Barua ya onyo ikaandikwa upya kwa jina langu, nikatia sahihi. Hiyo sikuipinga.

Kisha nikaanza upya. Nikamwomba Sidi, ambaye bwawa halijui, ajaribu kufuata nilichoandika, kwa maji matupu badala ya dawa. Mimi nikasimama kando, marufuku kusema.

Mstari wa kwanza tu: "Kopo lipi? Hapa yako matatu." Mstari wa tatu: "Natia maji kwanza ama dawa kwanza?"

Miaka yote naifanya hiyo kazi, na halikunipitia akilini kwamba hilo ni la kuandikwa! Maji kwanza, dawa baadaye. Ukigeuza kwenye asidi, yakurukia usoni.

Nilirudia mara sita. Ikatoka ukurasa mmoja, sharti juu kabisa kwa herufi nyekundu.

Meneja kuuona: "Ukurasa mmoja? Wakaguzi watatuona wavivu." Nikabandika ukutani bila ruhusa. Ile faili ya bluu akaiweka ofisini kwake, na wakaguzi walipokuja, wallahi, wakaisifu.

Karisa amerudi bustanini, ila akipanda ngazi kifua chapiga filimbi. Siku moja alikuja chumba cha pampu, akausoma ule ukurasa kwa kituo, akanigeukia.

"Hii ndiyo ungeniandikia mwanzo, fundi."



Ninachowaomba: kabla hujabandika utaratibu, mpe asiyeijua kazi aufuate mbele yako, nawe funga mdomo. Pale utakapowashwa kumweleza, hapo ndipo maandishi yako yana shimo.

Haya, semeni wakuu. Kwenu utaratibu wa kazi huandikwa na nani, na huyo mtu amewahi kuifanya hiyo kazi? Mwenye kunilaumu pia karibu, nasoma yote.