Mama na Magitaa ya Waingereza

Baba alipofariki nilimchukua mama kutoka mtaani kwake Darsait nikamleta kwangu Al Amerat, ng'ambo ya mlima, na nikaamua, bila ya kumuuliza, kwamba atakaa kwangu moja kwa moja. Nyumba yangu ni mpya, na chumba chake kiko chini, hakina ngazi. Fleti yake iko juu ya gereji, ngazi zimelika, na ukifungua dirisha unavuta harufu ya oili. Nani angechagua huko? Lakini mama alikuja na begi moja tu, na vitu hakuvitoa. Nguo alizivaa, akazifua, akazikunja, akazirudisha mlemle.

Kila Alkhamisi nilimvusha mlima kumpeleka Darsait akazungumze na majirani zake, jioni nikamrudisha. Gari yangu, muziki wangu. Ujanani nilisoma katika mji mmoja wa kaskazini ya Uingereza, mji wa matofali na mvua, na huko ndiko bendi za magitaa zilikoniteka. Sheria yangu ni moja: albamu husikilizwa tangu wimbo wa kwanza, kwa mpango walioupanga wenyewe. Siku hizi watu wanadonoa wimbo huu na ule kama kuku. Mimi sitaki. Kwenda tulisikiliza nusu ya kwanza, kurudi nusu ya pili.

"Huyu ana mafua?" mama aliuliza Alkhamisi ya mwanzo.

"Hana mafua, mama. Ndivyo wanavyosema kwao."

Basi nikapata nafasi ya kusomesha. Nilimwambia kuna waimbaji wengi ambao wakishika gitaa tu huazima sauti ya Kimarekani, lakini hawa ninaowapenda huimba kwa lafudhi ya mtaani kwao, hata kama wakubwa wa London wanaicheka. Nikamwonesha magitaa mawili: moja linakwaruza bila kuchoka, la pili linatia vijisauti vifupi vitamu ambavyo utaviimba puani mpaka kesho. Sauti ya mwimbaji mara nyingi si nzuri. Anachokitegemea ni maneno.

"Sasa huyu analia nini?"

"Yupo kituoni anasubiri basi. Mvua inanyesha, kazi hana, na mji umemchosha."

"Mbona ngoma ya harusini?"

"Ndiyo utamu wake. Maneno machungu, ngoma ya furaha. Na lazima atie mzaha, hata akiwa na huzuni vipi."

Mama akafikiri kidogo. "Kama taarab yetu. Mtu anakuchoma, na wewe unatikisa kichwa."

Nilifurahi mpaka nikapitiliza njia ya kuingilia Darsait. Tangu siku ile akawa anauliza mwenyewe. Tukiwa kwenye taa nyekundu alichukua simu yangu akaitazama picha ya albamu: nyumba zilizobanana, kamba ya nguo, mbwa.

"Wenyewe wako wapi?"

"Hawakujiweka. Wameuweka mtaa wao."

"Mtaa wenyewe mbaya."

"Mbaya, lakini ndio wao. Hawataki kujifanya wametoka pahali pengine. Hapo ndipo ninapowapendea."

Niliyasema hayo kwa maringo ya mwalimu. Mama alinirudishia simu, akatazama nje.

Alkhamisi iliyofuata nilimkuta amesimama penye gari, begi mkononi. Nikajua. Nilitia ufunguo, muziki ukaanza wenyewe, nikaupunguza.

"Leo silali kwako, mwanangu. Nnarudi."

"Na zile ngazi, mama? Nani atakuangalia?"

"Ngazi zile nnazijua kuliko miguu yangu. Na mafundi wa chini wananisalimia kila asubuhi. Nisipotokea watapanda wenyewe kuniuliza."

"Kwangu kuna ubaya gani?"

"Hakuna, wallahi. Kuzuri. Lakini siku nzima hapana anonambia neno mpaka urudi wewe kazini." Akajikohoza. "Umenambia mwenyewe, watoto wa Kiingereza mtaa wao mbaya, mvua, hawana kazi, na hawataki kujifanya wametoka pengine. Ukawasifu njia nzima. Mimi mtaa wangu una gereji. Mbona mimi hunisifu?"

Nilikasirika. Nilishika usukani kwa nguvu nikapanda mlima. Tulipoanza kuteremka upande wa pili, hasira iliniisha nikabaki na kitu kibaya zaidi. Hizo ngazi nilizozishikia bango hazikuwa sababu yote. Mimi ndiye niliyemhitaji yeye. Nyumba ile ni kubwa, na mimi ni mpweke ndani yake, na kumsikia mtu akikohoa chumba cha pili kulinituliza.

"Sawa, mama," nilisema.

Tulipofika, fundi mmoja aliyekuwa chini ya gari alitoa kichwa akamwita bibi, na uso wa mama ukachangamka kwa namna ambayo kwangu sikuwahi kuiona. Nilimpandishia begi. Mlangoni alinishika mkono.

"Zile nyimbo zilobaki usizisikilize peke yako," alisema. "Alkhamisi uje unichukue, tuzimalizie njiani. Kisha unirudishe kwangu."

Nilirudi garini nikaizima albamu pale katikati. Nikavuka mlima huku nalia, na wiki nzima sikuigusa.