Pinioni ya Meno Kumi na Sita

Marehemu Mzoxolo Ngcukana hakuwahi kufunga giaboksi akiwa na kofia kichwani. Katika gereji yake ya mabati nyuma ya nyumba, kule KwaNobuhle, karibu na pwani ya Afrika Kusini, kila mara alikaza bolti ya mwisho, akavua kofia, akasali kimoyomoyo, kisha akapitisha mstari wa rangi nyeupe juu ya bolti mbili za chini. Mstari ule ulikuwa neno lake. Ukikatika, watu wangejua kuna mkono umeingia.

“Kilichofungwa kwa sala hakifunguliwi kwa mashaka,” alipenda kusema. Kwa miaka thelathini na moja hakuwahi kuukata mstari wake mwenyewe.

Watu wa mbio za magari walimjia kutoka miji yote ya pwani ile, kwa sababu alijua kuchagua gia. Injini, aliwaambia, ni kama mwimbaji wa kwaya: ina sauti inazozimudu. Ukiipa gia ndefu mno, inakoroma chini na gari linajikokota. Ukiipa fupi mno, gari linachomoka vizuri, lakini sauti inafika kileleni upesi nawe unalazimika kubadilisha tena. Alikuwa Mmethodisti wa chama cha wanaume wavaao kizibao chekundu, na mwimba besi wa kwaya, kwa hiyo mifano ya namna hiyo haikumwishia.

Mwaka wake wa mwisho duniani, binti yake wa pekee, Lindelwa, muuguzi wa zahanati, alishinda mbio zote za robo maili pwani akiendesha kigari chao chekundu. Wakaalikwa nyanda za juu, karibu na Rustenburg, kushindana na Olebogeng, bingwa wa kule. Hakuna gari la pwani lililowahi kushinda kwenye barabara ile. Watu wa kule walisema giaboksi za pwani ni za kupelekea bibi kanisani. Mzoxolo alilisikia neno hilo, akafunga giaboksi mpya, akasali, akapaka rangi.

Wakasafiri siku nzima, Mzoxolo na mdogo wake Phakamile, pamoja na Lindelwa. Ijumaa, saa tano asubuhi, Lindelwa akafanya mbio za majaribio. Gari likaondoka vizuri, kisha likawa kama mtu anayekimbia ndani ya maji. Olebogeng alikuwa ameegemea uzio, akitafuna andazi lililojazwa nyama ya kusaga.

“Ntate!” alimwita Mzoxolo, yaani “Mzee” kwa lugha ya kule. “Hicho kigari mmekileta mbioni au kliniki?”

“Tumemleta na muuguzi kabisa,” Phakamile akajibu. “Kesho utamhitaji wewe.”

Watu wakacheka. Mzoxolo hakucheka. Aliinama dirishani kwa binti yake.

“Ulipopita mstari, ulikuwa gia ya ngapi?”

“Ya nne, Tata,” akajibu; ndivyo alivyomwita baba yake.

“Sindano ya mizunguko ya injini ilisimama wapi?”

“Elfu sita na mia tano. Nyumbani inafika elfu saba.”

Alikaa juu ya sanduku la vifaa. Asubuhi ile, akipanda ngazi za nyumba ya wageni, alikuwa ametweta akadhani ni uzee. Sasa akaelewa. Huku juu hewa ni nyepesi. Injini nayo ilikuwa ikitweta. Ile gia ya nne aliyoichagua kwa pumzi ya baharini ilikuwa ndefu kwa pumzi ya hapa; robo maili iliisha kabla injini haijafika kwenye sauti yake nzuri. Kosa halikuwa la dereva wala la gari. Lilikuwa lake, na lilikuwa limefungwa chini ya mstari mweupe.

“Tuliache hivyo hivyo,” Lindelwa alisema taratibu, maana alimjua baba yake. “Nitajitahidi.”

“Mwanangu, nikuache ujitahidi juu ya kosa langu?”

Akaenda kwenye buti la gari akatoa mkebe wa biskuti. Ndani mlikuwa na pinioni, yale magurudumu madogo ya meno yanayozungusha krauni, lile kubwa linalopeleka nguvu kwenye matairi. Kila pinioni ilikaa na krauni yake ndani ya soksi kuukuu ya shule ya Lindelwa. Iliyokuwa garini ilikuwa na meno kumi na saba; meno yakipungua, gia hufupika.

Phakamile akadaka soksi moja. “Hii hapa, kaka! Meno kumi na tano na krauni kubwa. Litaruka kama panzi!”

“Litaruka, ndiyo. Halafu?”

“Halafu tushinde!”

“Halafu gia ya nne imwishie mita hamsini kabla ya mstari, atie ya tano. Kila akikanyaga klachi, gari linapumzika. Olebogeng hapumziki. Nipe kumi na sita.”

“Jino moja tu, Bhele?” Phakamile akamwita kwa jina la heshima la mababu wa ukoo wao, kama alivyofanya kila alipotaka kumbembeleza. “Umbali wote huu kwa jino moja?”

“Kosa ni la jino moja. Nisipunguze mawili kwa sababu nimeona aibu.”

Wakaliinua gari juu ya stendi za chuma. Watu wakasogea, Olebogeng naye, maana habari za ule mstari mweupe zilikuwa zimefika hata kule.

“Ntate, si nasikia wewe huwa hufungui ulichofunga?”

Mzoxolo akatoa kisu mfukoni. “Nilikuwa sijakosea hivi. Leo nimekosea. Nishikie hilo karai la oili.”

Akaukata mstari mbele yao wote. Olebogeng akalishika karai, wala hakutania tena hadi jua lilipoanza kushuka na bolti ya mwisho ikakazwa. Mzoxolo akavua kofia. Olebogeng naye akavua yake.

Jumamosi asubuhi taa ikawaka kijani. Kwa gia mbili za mwanzo Olebogeng alikuwa mbele kwa urefu wa boneti. Kwenye ya tatu wakalingana. Lindelwa akatia ya nne, na Mzoxolo akafumba macho asikilize. Sauti ikapanda, ikapanda, hata ikafika pale pale alipokusudia, na hapo ndipo watu walipopiga kelele. Hakuhitaji kufumbua macho. Gari jekundu lilikuwa limepita mstari mbele kwa nusu ya urefu wake, mkono wa Lindelwa ukiwa haujagusa gia ya tano.

“Elfu saba, Tata!” alipiga kelele aliporudi. “Elfu saba kasoro kidogo!”

“Hiyo kasoro ni ya Mungu,” alisema Mzoxolo, na ndipo machozi yakamtoka.

Phakamile akaleta kopo la rangi nyeupe apake mstari upya. Mzoxolo akamzuia. “Uache ulivyo. Waone ulipokatwa.”

Bwana alimwita miezi minne baadaye, katika majira ya baridi. Olebogeng alisafiri siku nzima kuja kubeba jeneza. Lindelwa bado anashindana na gari lile. Akilipandisha juu ya stendi, hulala chini yake kwanza na kupitisha kidole juu ya bolti zile mbili, pale rangi ilipokatwa na mkono wa baba yake.